Njia ya Korongoni: Ulizeni Vizuri Kabla ya Kushuka

Mvua zikishakatika na njia zikakauka, maparokia yetu ya Kasulu na Kibondo huingia katika majira ya matembezi. Wanakwaya hutaka kwenda kuona maporomoko ya maji. Watoto wa Utoto Mtakatifu hutaka kupelekwa mtoni. Vijana nao husema safari hii watafuata bonde mpaka chini kabisa, mahali ambapo babu zao walikuwa wakitega samaki. Ni jambo jema. Mwili unaotembea hukaa na afya kuliko mwili unaoshinda kitini, na hewa ya milima yetu haiuzwi dukani.

Kinachotutia wasiwasi sisi wauguzi ni tangazo lenyewe. Linasomwa kanisani: tutaondoka saa 12 asubuhi, kila mtu aje na chakula chake, mchango ni kiasi fulani, tutarudi jioni. Basi. Watu huuliza juu ya mchango, na wengine huuliza kama soda zitakuwapo. Ni nadra kumsikia mzazi akisimama na kuuliza: je, hiyo njia yenyewe ikoje? Ina maji kiasi gani? Mahali pa kutokea ni pangapi? Nani ameipita, na lini?

Tunaandika habari hizi katika ukurasa wa afya kwa sababu majeraha ya korongoni hayafanani na majeraha ya barabarani. Mtu akivunjika mguu barabarani, pikipiki itapita, au gari. Akivunjika mguu chini ya korongo, ule mguu wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni saa 5 au 6 zitakazopita kabla hajafika juu, akiwa amelowa, anatetemeka, na giza linaingia.

"Ni hapo tu"

Tuanze na neno tunalolipenda sana sisi watu wa huku. Ukimwuliza mwenyeji kama ni mbali, atakujibu: "Si mbali, ni hapo tu, ukivuka kijito umefika." Hasemi uongo. Yeye amezaliwa pale, miguu yake inalijua kila jiwe, naye anakwenda peke yake bila mzigo. "Hapo tu" yake yaweza kuwa mwendo wa saa 3 kwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Kwa hiyo usiulize kama ni mbali. Uliza: "Ukitoka hapa asubuhi, unafika saa ngapi? Na kurudi je? Ulikuwa na nani?" Kisha fanya hesabu yako mwenyewe. Mskoti mmoja aliyeitwa William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5 za mwendo, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mathalani, ikiwa njia ya kurudi ni kilomita 3 na mpando wa mita 300, utapata dakika 36 za mwendo na dakika 30 za mpando, jumla kama saa 1 na dakika 6. Lakini hiyo ni kwa mtu mzima mwenye nguvu, kwenye njia nzuri. Kwa kundi lenye watoto, zidisha mara 2. Na ndani ya korongo lenyewe, mahali pa kuruka mawe na kushika mizizi, sahau kanuni hiyo kabisa. Kundi la watu 20 huweza kutumia saa nzima kumaliza kilomita 1, kwa kuwa kila penye kikwazo mmoja hupita na 19 husubiri.

Tena kuna jambo la jua. Huku kwetu magharibi, saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua letu huchelewa. Mwezi Juni hapa Kasulu hutua karibu saa 1 jioni, na asubuhi halichomozi mpaka karibu saa 1. Anayetangaza kuondoka saa 12 asubuhi ajue kwamba anawaondoa watu gizani. Na jioni msidanganyike na huo mwanga wa juu ya kilima: chini ya korongo lenye kuta ndefu, kivuli huingia mapema na baridi hufuata nyuma yake. Sisi tungependa kila kundi liwe limeshatoka korongoni ifikapo saa 9 alasiri, hata kama bado wanaona raha.

Wanavyoandika wenzetu

Katika nchi nyingine kushuka makorongo ni mchezo kamili. Watu huvaa kofia ngumu na nguo za mpira za kuzuia baridi, wakateremka kwa kamba kwenye magenge na maporomoko. Ufaransa, Uswisi, Hispania na majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani wana vitabu vizima vyenye orodha ya makorongo, na kila korongo lina alama zake. Hatuwashauri vijana wetu kuiga mchezo huo. Hatuna vifaa wala walimu wake. Lakini namna wanavyoipima njia inatufaa sana.

Wafaransa hupima mambo 3. La kwanza ni magenge: hutumia herufi v na namba kutoka 1 hadi 7, kuonyesha ugumu wa kushuka kwa kamba na kuparamia mwamba. La pili ni maji: herufi a na namba kutoka 1 hadi 7, tangu mahali pakavu mpaka penye mkondo wa kuua. La tatu huandikwa kwa namba za Kirumi, I hadi VI, nalo huonyesha safari ni ndefu kiasi gani na ni vigumu kiasi gani kutoka njiani maji yakija. Hili la tatu ndilo sisi tunalisahau.

Wamarekani nao wana mtindo wao. Namba 1 ni mahali pa kutembea tu; 2 ni pa kutumia mikono, pengine na kamba ya kushikilia; 3 ni lazima kuteremka kwa kamba; 4 ni kwa mafundi. Kisha hufuata herufi: A maana yake pakavu au maji kidogo sana, B ni maji yaliyotulia ambayo huenda ukapaswa kuyaogelea, C ni maji yenye mkondo wa nguvu. Mwisho huja namba ya Kirumi ya muda: I ni saa chache, II ni nusu siku, III ni sehemu kubwa ya siku, IV ni siku nzima ndefu, na kuendelea. Basi akikuta limeandikwa 3B III, msafiri anajua mara moja kwamba anahitaji kamba na ujuzi wake, atalowa mwili mzima, na asitarajie kurudi mapema.

Makorongo yetu hayana kitabu cha namna hiyo. Lakini maswali yale 3 hayahitaji kitabu. Je, kuna mahali pa kushuka ambapo siwezi kupapanda tena? Je, maji ni ya kifundoni, magotini, kiunoni, na yanakwenda au yamesimama? Je, nikitaka kutoka nusu ya njia, natokea wapi?

Swali la kwanza ni zito kuliko linavyosikika. Mtu akiruka chini kutoka kwenye mwamba wenye urefu wa mita 2, au akiteleza kwenye jiwe lenye ukoka, mara nyingi hawezi kurudi juu. Amefunga mlango nyuma yake. Tangu hapo hana hiari: sharti aende mbele, hata kama mbele kuna poromoko la mita 10 ambalo hakuambiwa. Kwa hiyo kanuni yetu kwa matembezi ya parokia ni fupi: mahali ambapo mtoto wa miaka 10 hawezi kupanda kurudi, kundi lisishuke.

Namba haijui mvua

Hapa twaomba msome polepole. Alama zile za vitabuni, na hata maneno ya mwenyeji wako, ni za siku ya kawaida: hali ya hewa nzuri, maji ya kawaida, kundi dogo la watu wenye nguvu. Mvua ikinyesha, namba iliyoandikwa kitabuni haibadiliki, bali korongo limebadilika.

Mwezi Septemba 2015, katika mbuga ya Zion huko Utah, Marekani, watu 7 waliingia katika korongo linaloitwa Keyhole. Ni korongo fupi, lililohesabiwa kuwa jepesi kwa wanaoanza. Siku hiyo tahadhari ya mafuriko ilikuwa imetolewa. Maji yalikuja, na wote 7 walikufa. Miaka 18 kabla yake, tarehe 12 Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la Antelope huko Arizona. Pale walipokuwa wamesimama mvua ilikuwa kidogo mno. Dhoruba ilinyesha mbali, upande wa juu, na maji yakasafiri kwenye mabonde makavu mpaka yakawakuta. Na Uswisi, tarehe 27 Julai 1999, katika kijito cha Saxetenbach karibu na Interlaken, walikufa watu 21, vijana wengi wao wageni kutoka Australia. Watatu kati yao walikuwa viongozi wa safari, watu wa kazi hiyo, wenye kofia na vifaa vyote. Mwaka 2001 mahakama iliwatia hatiani wakuu wa kampuni iliyowapeleka.

Msiseme hayo ni ya Ulaya. Jirani zetu wa Kenya wana korongo la Njorowa, katika mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mahali pa matembezi ya shule na makanisa. Mwezi Aprili 2012, mvua za masika zikiwa zimeanza, kundi la vijana wa kanisa moja la Nairobi walishuka humo. Maji yalikuja ghafla, na vijana 7 wakafa. Ilikuwa Jumapili, ilikuwa safari ya kanisa, kama hizi tunazopanga sisi. Tarehe 1 Septemba 2019, katika korongo lile lile, maji yaliwachukua tena watu 7, mmoja wao mwongozaji wa wageni. Mara hii haukuwa mwezi wa masika. Shirika la Wanyamapori la Kenya likalifunga korongo kwa wageni.

Kwa nini maji huja kwa ghafla hivyo? Tufanye hesabu ya madebe. Mvua ya milimita 20 ni mvua ya kawaida ya mchana mmoja. Haimshangazi mkulima yeyote. Ikinyesha juu ya eneo la kilomita mraba 1 tu huleta lita milioni 20. Debe letu ni la lita 20. Kwa hiyo ni madebe milioni 1. Sehemu yake hunywewa na udongo, lakini kwenye mlima uliokatwa miti na kulimwa kufuata mteremko, sehemu kubwa hukimbilia bondeni. Na bonde lina vijito vingi vinavyokutana mahali pamoja, yaani korongoni, penye upana wa mita 3 au 4. Maji hayana pa kutanuka, hivyo hupanda juu.

Mvua zetu za Kigoma huanza kwa kawaida Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Miezi ya kutembea mabondeni ni Juni hadi Agosti. Septemba mwishoni tayari si ya kuaminika. Na kumbukeni kwamba mito yetu haianzi kwetu yote. Malagarasi na baadhi ya vijito vyake hupokea maji kutoka milima ya Burundi, nchi ambayo nayo ina makorongo yake, kama lile la Nyakazu upande wa Rutana, linalotazama nyanda zetu. Mbingu ya Kasulu yaweza kuwa nyeupe kabisa huku upande wa pili wa mpaka kuna ngurumo. Kwa hiyo sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni ya kuamkia safari, kisha asubuhi msiangalie juu ya vichwa vyenu tu, angalieni upande ambako mto unatoka.

Mkiwa bondeni, ishara ni hizi. Maji yaliyokuwa maangavu yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani makavu na vijiti vinaanza kupita kwa wingi. Kuna harufu ya udongo mbichi. Sauti ya mto inakuwa nzito, au upepo wa baridi unapiga kutoka upande wa juu wa korongo. Pengine maji hupungua ghafla, kwa sababu magogo yameyaziba huko juu. Wengine hufurahi na kuvuka, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kizuizi kile kitavunjika. Mkiona hata ishara moja, acheni sufuria, acheni viatu, pandeni juu upande ule ule mliopo. Msikimbie kufuata mto kwenda chini. Maji yana mbio kuliko ninyi. Wala msijaribu kuvuka ili mrudi upande wenye njia. Maji yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima hata kabla hayajamfika magotini.

Na kabla ya mambo hayo, inueni macho. Mkiona nyasi kavu na matakataka yamenasa kwenye matawi juu ya vichwa vyenu, hayakuwekwa na ndege. Ndipo maji yalipofika mwaka huu au mwaka jana. Hiyo ni habari ya njia iliyoandikwa na mto wenyewe, na ni ya kweli kuliko ya mtu yeyote.

Kwetu, nani anajua?

Kila mtu anaijua sehemu yake. Mrina asali wa Kibondo anayajua mabonde yote yenye mizinga, lakini mara nyingi huyapita wakati wa kiangazi, tena huenda kwa nia ya mti wake. Mchungaji anajua mahali pa kupitisha ng'ombe, na penye njia ya ng'ombe machela nayo hupita. Akina mama wanaochota maji ndio wanaojua mto ulivyopanda juzi. Mwalimu wa shule ya msingi anajua ni siku zipi wanafunzi wa ng'ambo hawaji shuleni kwa sababu ya maji. Waulizeni wote, angalau watu 3 ambao hawakukaa pamoja, na mlinganishe majibu. Wakitofautiana, shikeni lile la hatari zaidi.

Waulizeni pia lini. Mtu aliyepita mwaka juzi anakueleza korongo la mwaka juzi. Masika moja hung'oa daraja la miti, husogeza mawe makubwa kama meza, hujaza mchanga kwenye dimbwi lililokuwa refu. Na hili la dimbwi tulitie mkazo, kwa sababu ya vijana wa kiume. "Hapa tunarukaga kila mwaka" si kipimo. Dimbwi lililokuwa na kina cha mita 3 mwaka jana laweza kuwa na mita 1 na jiwe katikati mwaka huu. Anayeruka kwa kichwa na kugonga chini huvunja shingo, na mtu aliyevunjika shingo tunaweza kumhudumia, lakini miguu yake mara nyingi hatuwezi kumrudishia. Asirukwe mto wowote katika safari ya parokia.

Kuna jambo la nyuki ambalo vitabu vya Wazungu havilitaji sana, lakini kwetu ni habari ya njia kabisa. Kibondo ni nchi ya asali. Ulizeni mizinga imetundikwa wapi, na nyuki wa mwambani wako wapi. Kwenye bonde jembamba hakuna pa kukimbilia. Kundi likapite mbali, bila kupiga ngoma, bila moshi, bila manukato. Nyuki wakiamka, funikeni uso na mwondoke mbio kwenda mbali. Kujitupa majini hakufai, watakungoja utokeze kichwa. Na mkitembea mabonde ya chini kuelekea Malagarasi na Muyovozi, hayo si makorongo tena, ni nchi ya mamba, viboko na mbung'o. Huko msipeleke watoto kuoga hata kidogo.

Habari ya kichocho tuipite haraka: hupatikana katika maji yaliyotulia yenye konokono, si sana katika maporomoko yenye mbio. Maji ya kunywa bebeni kutoka nyumbani yakiwa yamechemshwa.

Mgonjwa atatokea wapi?

Sisi wa hospitali tukitazama njia, hatuoni mandhari. Tunaona machela. Mtu mzima wa kilo 65 hubebwa na watu 6 hadi 8 kwenye njia mbaya, na baada ya dakika chache hao wanahitaji kupokewa na wengine. Kundi la watu 9 lenye mgonjwa mmoja haliwezi kumtoa korongoni bila msaada. Kwa hiyo, mnapouliza habari za njia, andikeni kila mahali pa kutokea: upande gani, kuna alama gani, ukitoka unafika kitongoji gani, na pikipiki au gari linafika mpaka wapi. Zahanati iliyo karibu ni ipi, na Jumapili kuna mtu zamu?

Simu nayo. Vijana hutuambia siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli, lakini mtandao hauteremki korongoni. Ulizeni ni kilima kipi chenye mtandao, maana ndiko mtakakomtuma kijana wenu wa mbio. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ya Polisi ni 112; lakini huku kwetu watakaofika kwanza ni watu wa kitongoji kilicho juu ya bonde, hivyo namba ya mwenyekiti wa kitongoji iandikwe pia. Anayepiga simu aseme mgonjwa yuko wapi, anapumua au hapumui, anasogeza miguu au hasogezi, na mtampitishia wapi. Habari hizo 4 hutusaidia kuliko kilio.

Mkimsubiri msaada, mkausheni mgonjwa na kumfunika. Nyanda zetu ziko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyelowa huweza kupoa mwili kupita kiasi hata Afrika. Dalili ni kutetemeka, ulimi kuwa mzito, kujikwaa, halafu kusinzia. Anayetetemeka halafu akaacha kutetemeka bila kupata joto, huyo ni mgonjwa sana. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, na mpeni kitu cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Pombe hapana. Kila mmoja abebe nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Hili twalipendelea kuliko soda.

Aliyeanguka kutoka juu asikalishwe wala asivutwe mikono. Abebwe amelala, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Aliyezama asigeuzwe kichwa chini kumwaga maji, kama wengi wafanyavyo. Hapo mnapoteza muda. Kama hapumui, mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5 kinywani huku mmebana pua, kisha endeleeni na kumkandamiza kifua na kumpulizia. Kwa hiyo safari yoyote ya mtoni iwe na watu 2 waliofundishwa jambo hili. Wauguzi wa zahanati yenu wanaweza kuwaonyesha Jumamosi moja.

Kuhusu kamba: kamba ya katani iliyolala ghalani miaka 3 ifungeni mbuzi. Na hata kama kamba ni mpya, mtu asifungwe kiunoni anapovuka maji yenye mkondo. Akianguka, mkondo utamlaza chini na kamba itamshikilia humo humo.

Wako pia wasiopaswa kushuka, na mzazi asione haya kusema. Mwenye kifafa, hata kama hajaanguka miezi mingi, abaki juu na mtu wa kukaa naye. Dakika moja ndani ya maji ya magotini yatosha kumwua. Mama mjamzito, mgonjwa wa moyo, na aliyetoka kuugua malaria wiki hiyo nao wabaki. Mwenye pumu aende tu ikiwa amebeba dawa yake na njia ya kutokea ni fupi. Mwenye kisukari anayechoma sindano asitembee bila chakula mkononi na bila mwenzake kujua dalili zake. Mpangeni huko juu mahali pazuri pa kupikia, ili wanaobaki wasijione wameadhibiwa. Uzoefu wetu ni kwamba wanaobaki na sufuria hawalalamiki sana.

Karatasi ya katekista

Mambo yote mliyoyauliza yaandikwe kwenye karatasi moja, nakala 2. Moja aende nayo kiongozi. Ya pili abaki nayo katekista, au mama mmoja asiyesafiri. Andikeni majina ya wote na idadi yao, mnashukia wapi, mnatokea wapi, njia za kutokea za katikati, saa mnayotazamia kuwa juu, na chini yake mwandike saa nyingine: saa ya kuanza kutafuta. Hizo ni saa 2 tofauti. Kama mmetazamia kutoka saa 9, saa ya kutafuta iwe saa 11, wakati bado kuna mwanga wa kutosha kwa watu wa kitongoji kushuka. Msiandike saa 2 usiku.

Andikeni pia kitu kimoja ambacho kitawafanya mgeuke: tukikuta maji yako juu ya magoti kwenye kivuko cha kwanza, tunarudi, tukisikia ngurumo popote, tunatoka. Liandikwe nyumbani, mbele ya wazazi, kwa sababu pale mtoni kila mtu ameshachoka kutembea na hataki kurudi bila kuona maporomoko. Kiongozi akiwa na maandishi hahitaji kubishana na vijana 20.

Mhesabiane mnapoingia, katika kila kivuko, na mnapotoka. Na mkishafika juu, kabla ya kuwasha moto wa chai, mpigieni simu mwenye karatasi kwamba wote mmetoka, asije akatuma watu bondeni gizani kuwatafuta.